Mguu Uliokwama Baharini

Hakuna hadithi inayoeleza intaneti vizuri kama hii. Anayeisimulia anaijua intaneti nje ndani. Nje hasa, ndani hajawahi kuingia.

Asubuhi moja Mshonaji alisogeza cherehani yake ukutani, ili mumewe apate pa kunyooshea mguu. Mumewe alikuwa fundi viatu, tena mgonjwa wa sukari. Kidonda kilimwanza kidole gumba cha mguu kimyakimya. Sasa kilikuwa kinanuka.

"Wakiukata mguu, nitakuwa nashona kiatu kimoja kimoja," Fundi Viatu alisema.

"Nyamaza, baba watoto." Mkewe hakucheka.

Walikwenda zahanati. Muuguzi alikipiga picha kidonda, akaituma kwa daktari wa hospitali kuu. Hospitali hiyo ilionekana pale pale dirishani, upande wa pili wa bonde. Lakini picha haikwenda. Kiduara kilizunguka tu kwenye simu.

"Nendeni mkapumzike," muuguzi alisema. "Daktari akijibu nitawaita."

Wakangoja. Kesho yake Mshonaji alimnunulia muuguzi kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Kiduara kikazidi kuzunguka. Siku iliyofuata homa ikampanda Fundi Viatu, wakambeba mpaka hospitali. Kidole kilikatwa jioni ile.

"Ningeiona picha mapema, ningesema mleteni hima," daktari alisema kwa huzuni. "Sasa tuulinde mguu. Asiukanyagie. Kila mara nitumieni picha ya mshono, nisije nikachelewa tena."

Nyumbani, Mshonaji alimwita jirani yake, binti aliyefanya kazi ya kufunga mitambo ya mawasiliano. Mtaani walimwita Mpanda Minara.

"Mwanangu, hospitali naiona kwa macho. Picha inashindwaje kufika?"

"Mama, zahanati ina kampuni yake ya intaneti, hospitali ina yake. Hapa mjini kampuni hizo hazijaunganishwa. Picha hupita kwenye waya wa baharini mpaka nchi ya mbali. Huko ndiko kampuni hizo hukutana. Kisha picha inarudi tena kwa njia ya bahari. Na waya huo ulikuwa umekatika."

Mshonaji alishika kiuno. "Yaani mguu wa mume wangu umesafiri ng'ambo, na mwenyewe hajawahi kupanda hata mtumbwi?"

"Haukufika, mama. Ulikwama njiani."

"Na dawa yake?"

"Chumba kimoja, hapa hapa mjini. Kila kampuni inaleta waya wake, zote zinachomekwa kwenye mtambo mmoja. Ujumbe wa hapa unabadilishiwa hapa. Kinaitwa kituo cha kubadilishana mtandao. Mtambo tunao, umelala stoo ya chuo cha hapa mjini. Wakubwa wa kampuni ndio hawaelewani. Kila mmoja anataka chumba kiwe kwake, na anaogopa kuibiwa wateja."

"Hao wakubwa wanakutana lini?"

Mpanda Minara akampeleka kwenye mkutano wao. Mshonaji alisimama na kanga yake.

"Mimi na mshonaji mwenzangu tunanyang'anyana wateja mchana kutwa. Mdomo wake mchafu, na wangu si haba. Lakini sindano yake ikivunjika, nampa yangu dirishani. Hatuagizi sindano ng'ambo kwa sababu hatupendani." Aliwageukia wakubwa. "Kidole cha mume wangu hakirudi. Mguu bado upo."

Wakubwa wakasogeza viti karibu, wakaanza kupanga.

Kazi haikuisha siku moja. Walibishana mpaka juu ya ufunguo. Mwishowe walikubaliana chumba kiwe chuoni, kisiwe cha kampuni yoyote. Mpanda Minara alifunga mtambo, akaweka na betri za akiba. Kila kampuni ikavuta waya wake. Wateja wakabaki kwa kampuni zao kama zamani.

Haikuchukua muda waya wa baharini ukasumbua tena. Filamu za ng'ambo zikagoma, vijana wakanung'unika. Lakini picha ya mguu ilivuka bonde kufumba na kufumbua. Daktari akapiga simu ya video papo hapo, na Mshonaji akamwelekezea mguu.

"Mshono umefunga vizuri," daktari alisema. "Mguu umenusurika."

Mshonaji alijifuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Na hujaukanyagia, mzee? Bado ni mapema."

"Mimi? Tangu jana sijashuka kitandani, daktari. Muulize mama watoto."

Mshonaji, aliyekuwa ameshinda sokoni, alimgeukia mumewe. Daktari alisogeza uso karibu na simu.

"Basi hiyo gundi ya viatu kisiginoni, pamoja na kipande cha ngozi, imekufuata kitandani?"

Fundi Viatu alikitazama kisigino chake kama cha mtu mwingine.

"Daktari," alisema, "mtandao unakatakata. Sikusikii."

"Mimi nakusikia vizuri sana, mzee."