Wasomaji Wangu wa Uongo

Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, sisi wanachama wa klabu ya kompyuta tulifagia chumba, tukaondoa vitambaa vilivyofunika mashine, kisha kila mmoja akafungua blogu yake. Wenzangu walianza kuandika. Mimi nilianza kwa kuchungulia blogu ya Tumpe, chini kabisa, pale penye idadi ya wasomaji.

Niseme ukweli: nilimwonea wivu Tumpe mpaka chakula kikawa hakishuki. Alihamia Songea mwezi wa kwanza tu, mama yake nesi alipohamishwa kutoka Tukuyu. Mimi Kunegunda nimezaliwa Mjimwema, mtaa wa hapa Songea, na babu yangu kazaliwa hapa hapa. Niliandika habari za milima ya Matogoro na ngoma ya lizombe, nikapachika picha kubwa kubwa nilizopiga kwa simu ya mjomba. Nikapata wasomaji arobaini. Yeye aliandika namna ya kupanda mchicha kwenye viroba vya unga, akapata mia sita. Mchicha, jamani. Watu wa mbali, wa Nalasi na Nakapanya, wakawa wanamwandikia kumuuliza maswali.

Jumanne moja nikafanya ujanja. Niliuelekeza ukurasa wangu ujifungue upya wenyewe kila nusu dakika, maana kila ukifunguka, kihesabu huongeza msomaji mmoja. Nikajitolea kufunga chumba. Wenzangu walipoondoka, niliufungua ukurasa huo kwenye kompyuta tatu za nyuma zisizo na mtu, nikazima vioo vyake tu, nikaziacha zikifanya kazi.

Alhamisi, kabla hatujagusa mashine, Mwalimu Kajetani, mlezi wa klabu, aliingia amekunja uso.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni. Kampuni tunakopanga nafasi ya blogu zetu imeniandikia. Seva yao ni kompyuta moja yenye wapangaji wengi, kama nyumba yenye bomba moja. Mpangaji mmoja akiacha bomba wazi, wengine hawapati maji. Wanasema tangu juzi blogu moja ya kwetu inaielemea seva. Tusipopunguza mzigo kabla ya saa kumi na moja leo, wanatufungia sote. Ni ya nani?"

Nilijua ni ya nani. Mdomo ukanitangulia.

"Ya Tumpe, mwalimu. Ndiye anayesomwa mpaka Nakapanya."

Mwalimu aliangalia saa. "Tumpe, samahani, mwanangu. Itabidi tuifute yako ili za wenzako zipone."

Nilitegemea Tumpe atabisha. Hakubisha. Alifungua blogu yake, akatoa daftari, akanigeukia. "Kune, wewe una mwandiko wa haraka. Nisaidie kunakili haya maswali kabla hatujafuta. Nitawajibu kwa simu ya mama."

Nikakaa kando yake, kalamu mkononi. Mama mmoja wa Nalasi alikuwa ameuliza kwa nini mchicha wake unakuwa wa njano. Mwingine alisema ameuza mafungu manne, akamshukuru. Nikaandika mistari mitatu, nikaweka kalamu chini. Tumpe alikuwa anafuta machozi kwa ukingo wa sketi, akidhani simwoni.

"Mwalimu," nikasema, "si yake. Ni yangu. Nimedanganya."

Nikawasha vioo vya kompyuta za nyuma. Kihesabu changu kilikuwa karibu elfu kumi na saba.

Mwalimu hakunifokea, saa ilikuwa inakimbia. Tulifunga kurasa zile tatu, nikafuta yale maelekezo ya kujifungua upya, kisha tukazipunguza ukubwa picha zangu moja baada ya nyingine. Mwishowe akatuonyesha jinsi ya kuiambia seva itunze nakala ya ukurasa.

"Mama yako akipata wageni kumi, hachemshi chai mara kumi," alisema. "Anachemsha mara moja, anatia kwenye chupa, anamimina. Seva nayo isipike ukurasa upya kwa kila mgeni."

Saa kumi na dakika hamsini kampuni ilijibu: mzigo umeshuka, tuendelee. Blogu zote zilipona.

Nilimwomba Tumpe msamaha mbele ya wote. Alisema, "Haya, nimekusamehe," lakini hakunitazama, na sikumlaumu.

Mwalimu alinibakiza wenzangu walipotoka.

"Kunegunda, kumwonea mwenzako wivu si ajabu. Hata mimi hunipata. Ungeweza kumuuliza anafanyaje, naye angekufundisha. Wewe ulimsingizia, kisha ukakaa kumtazama akiwa tayari kupoteza jasho lake la miezi mitatu. Seva tumeitengeneza kwa saa moja. Imani ya Tumpe kwako haitarudi kwa saa moja. Utairudisha kwa kusema kweli kila siku, hata siku ambayo kweli inakuaibisha. Leo umeanza. Sasa nenda, bado hajafika mbali."

Nikakimbia kumfuata.