Rafu ya Tatu

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Felisita, Bariadi mjini. Mlango una komeo. Dirisha limezibwa kwa gunia kuukuu la ushirika. Mezani kuna chai ya maziwa, maandazi matatu na karatasi moja.

Januarius alichora ghala la mnunuzi mmoja wa pamba kwa kalamu ya risasi.

"Geti hapa. Ofisi hapa. Rafu tano za chuma, zinakaribia bati. Dawa ya pamba iko rafu ya tatu, chini kabisa, juu ya sakafu. Katoni mia mbili."

Mwaka ule wa tisini na sita pamba ilikuwa ya kila mtu. Ushirika umelala, wanunuzi wapya wamejaa, kila mmoja na mizani yake. Lakini dawa haikuonekana. Kuanzia Mkula mpaka Kimali wadudu walikuwa wanakula vitumba, na mkulima anatazama tu. Mwenye dawa alikuwa mfalme.

"Hatuvunji kufuli," Januarius alisema. "Hatumfungi mtu kamba. Tunaingia kama wakaguzi wa usalama. Marcelo anagonga vyuma vyake, anasema rafu ya tatu mbovu, mzigo uhamishwe. Makuli wao wenyewe wanapakia kwenye lori letu. Tunaaga, tunaondoka."

Salu, dereva, alimeza andazi.

"Kitendawili."

"Tega," Marcelo alisema.

"Tajiri anabeba mali yake hadi mlangoni kwa mwizi, jasho linamtoka, kisha anasema asante."

"Acha utoto," Januarius alimkata. "Meneja yuko Mwanza, anarudi saa sita. Saa tano na nusu tuwe tumeshatoka. Fundi, umesikia?"

Marcelo alisikia. Miaka kumi na moja alikagua rafu kwenye jineri ya ushirika, pale pamba inapochambuliwa, mpaka alipoambiwa arudi kwao Bukundi asubiri barua. Barua haikuja. Alikuwa amefanya vibarua vya kila namna tangu hapo, lakini hajawahi kukagua kwa uongo.

Januarius alitia bastola mfuko wa ndani wa koti.

"Hiyo ya nini?" Marcelo aliuliza.

"Ya kukufundisha kunyamaza."

Chai ya Marcelo ilibaki kikombeni, imeganda utando.

Saa nne kasoro robo.

Mlinzi alisoma barua yao kwa kidole, mstari kwa mstari. Mhuri Salu aliuchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Mlinzi aliigeuza barua juani, akairudisha, akafungua geti.

Mtunza stoo alitoka na kitabu kwapani. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya gauni la kazi. Marcelo alimtambua kabla hajafika. Nyanjige. Walikuwa wote ushirika.

"Mwangaluka, mayu," Marcelo alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, macho chini.

"Mwangaluka, baba. Kumbe bado uko kazini? Mungu mkubwa. Mimi nilidhani wewe sasa ni wa kuchunga ng'ombe tu."

"Nipo, mayu."

"Basi leo nitalala. Kila siku naiambia ofisi, hii rafu ya tatu inalia usiku kama mgonjwa. Wananicheka."

Nyuma yake walisimama makuli sita, vijana wenye mabega mapana. Wakamsalimia fundi kwa heshima, mmoja mmoja. Januarius alitazama saa yake.

Saa nne na dakika ishirini.

Kazi ilikuwa kugonga-gonga tu. Marcelo aligonga nguzo ya kwanza ya rafu ya tatu.

Sauti ikamjia mbaya. Butu.

Akashusha timazi. Uzi uliachana na chuma vidole vinne. Akapiga magoti. Kitako cha nguzo hakikuwa na bolti hata moja. Akapanda ngazi. Pini za kushika mihimili hazikuwepo. Mtu alikuwa amepachika misumari, na misumari imepinda. Juu kabisa, pale panapowekwa vitu vyepesi, wamepandisha makasha ya misumeno ya jineri. Chuma kitupu.

Akashuka. Akatambaa chini na tochi.

Mhimili wa chini ulikuwa umeshuka mpaka ukaketi juu ya katoni za dawa. Hapo ndipo uzito wote ulipokuwa umelala. Rafu ile ilikuwa imesimama na haijasimama. Zile katoni za kona ndizo zilikuwa miguu yake.

Marcelo alizima tochi. Akabaki amechuchumaa.

Saa tano kasoro dakika tano.

Akamvuta Januarius nyuma ya lori.

"Kaka, rafu ni mbovu kweli."

"Vizuri. Umeigiza vizuri."

"Siigizi. Katoni ndizo zinaishikilia. Ukizitoa, makasha yote yanashuka. Wale vijana watakufa. Na yule mama."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuanze juu. Tushushe makasha kwanza, ndiyo tuguse dawa."

"Muda?"

"Mpaka saa saba."

Januarius alicheka bila sauti. "Umeingiwa na woga. Nilijua. Ulipomwona mama yako wa ushirika tu, nilijua."

"Twende tukatazame wote, uone."

"Mimi naona lori tupu." Akapapasa koti. "Waambie wapakie."

Salu alikuwa ameegemea usukani, anasikia kila kitu. Hakutega kitendawili. Aliwasha injini, akaiacha ingurume.

Saa tano na dakika tano.

Makuli walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa vichwani. Kiongozi wao alianza kuvuta wimbo wa kubebea, kwa chini, wenzake wanaitikia kwa miguu.

"Ngojeni," Nyanjige alisema. "Mambo yaende kama zamani. Fundi akishatoa ruhusa, yeye ndiye anasimama chini ya rafu mzigo wa kwanza ukitoka. Si ndivyo tulivyokuwa tunafanya, baba?"

Ndivyo. Hakuna kuli wa jineri aliyetia mkono kabla fundi hajaweka kichwa chake.

Wimbo ulikatika. Watu saba wakamgeukia. Januarius alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, ananuka jasho na sabuni.

"Sijatoa ruhusa," Marcelo alisema. "Mtu asiingie chini. Mayu, rudi nyuma. Nyote rudini."

Walirudi kwa pamoja, hatua tano.

"Fundi wenu mwoga," Januarius alisema kwa sauti. "Mkubwa wake ni mimi. Nasimama mimi."

Akainama, akaingia. Akavuta katoni moja, akaisukuma nje. Akavuta ya pili. Hakuna kilichotokea. Akatabasamu.

"Mnaona?"

"Kaka, usiguse ya kona."

Aligusa ya kona.

Msumari mmoja uliruka kama risasi ukapiga bati. Kisha mhimili ukashuka, nguzo ikajikunja, makasha mawili yakaporomoka na vumbi likafunika kila kitu. Vumbi lilipotulia, Januarius alikuwa amelala kifudifudi, mhimili juu ya mapaja. Bastola ilikuwa sakafuni, mbele ya kila mtu.

Nje lori liliondoka. Salu hakungoja kuuliza nani mzima. Mlinzi alikuwa amekwisha kukimbilia polisi.

Geti lilikuwa wazi. Marcelo alilitazama.

"Mama, jeki," akasema.

Saa tano na dakika thelathini na tano.

Jeki ya stoo ilikuwa inavuja mafuta. Akiacha kupiga mkono, inashuka. Marcelo alipiga. Mhimili ukapanda kidogo kidogo, na juu yake makasha yaliyobaki yakawa yanalia. Makuli sita waliingia kwa tumbo, wawili mabegani, wawili kiunoni, wawili wanachimbua katoni miguuni.

Januarius alitolewa wa kwanza, inchi kwa inchi, akipiga kelele za mnyama. Walipomsukuma nje ya chuma, wao wenyewe wakiwa bado chini, askari wawili walikuwa wanaingia mlangoni.

"Nani kiongozi wenu?" mmoja aliuliza, ameinua bastola kwa leso.

Januarius aliinua kidole.

"Yule pale. Fundi. Ndiye aliyetuleta."

Askari alimfuata Marcelo, akamshika bega.

"Simama."

"Siwezi, afande."

"Nimesema simama."

"Afande, usimguse," Nyanjige alisema. "Chini kuna watoto wa watu."

Askari aliinama akatazama. Akaondoa mkono.

Marcelo aliendelea kupiga, anahesabu nyayo zinazotoka kinyumenyume. Wawili. Wanne. Wa tano suruali ilinasa kwenye chuma, akaichana. Wa sita alitoka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mko sita?"

"Sita, baba."

Akaachia jeki. Rafu yote ya tatu ikalala chini kwa kishindo kilichotoa njiwa kwenye bati.

Ndipo akasimama, akafuta mafuta kwenye suruali, akampa askari mikono yote miwili.