Homa Aliyoificha Mama Shadia

Kila asubuhi kabla ya shule, Shadia humsaidia mama yake kuanika dagaa kwenye mchanga wa Bangwe, kando ya ziwa. Siku za giza, mwezi usipoonekana, dagaa huwa tele, na mama hataki kusikia habari ya kupumzika. Safari hii, kila alipoinua beseni alishika kiuno na kuuma midomo.

"Ni beseni tu," aliwaambia wenzake. Wakamwamini, maana mwanika dagaa gani asiyeumwa mgongo? Walimkanda kwa mawese. Zahanati wakampa vidonge vya maumivu. Wapi! Mgongo ulizidi, hata kuinama kukawa shida.

Hospitalini, alikosindikizwa na Shadia, Daktari Melania alimwuliza kama hupata homa.

"Sina homa, daktari. Ni beseni."

Shadia alijua si kweli. Kumkanusha mama mbele ya watu ni utovu wa adabu. Lakini je, mama akipooza?

"Shikamoo, daktari," alisema kwa sauti ndogo. "Mama ana homa. Usiku nguo zake hulowa jasho. Anaficha ili asilazwe, giza lisimpite."

Mama akamkata jicho.

Daktari aliagiza damu ipimwe na mgongo upigwe picha. Shadia alipoiona picha alibaki mdomo wazi. Subhanallah! Pingili zilipangana moja juu ya nyingine, na kati yake vijisahani laini viitwavyo diski. Diski moja ilikuwa imevimba na kuliwa.

"Vijidudu vimeingia hapa kupitia damu," daktari alieleza. "Tungechelewa, huenda asingetembea tena."

Kisha akaandika kwenye kompyuta jina la ugonjwa, na pembeni herufi na namba chache.

"Hizo ni za nini, daktari?"

"Kila ugonjwa una namba yake, mwanangu. Daktari wa nchi yoyote ataielewa. Nikiandika 'maumivu ya mgongo' tu, atakayempokea kesho atampa vidonge vilevile."

Shadia aliikodolea macho namba ile. Mgongo wa mama yake, mwanika dagaa wa Bangwe, dunia nzima iuelewe! Alistaajabu mno.

Mama alilazwa, akachomwa sindano za kuua vijidudu, kisha akameza dawa kwa wiki nyingi. Giza likapita, na jingine tena. Hatimaye akatembea bila kushika ukuta.

"Siku ile nilitaka kukufinya," alimwambia Shadia siku ya kurudi kupimwa, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, umeniponya."

Daktari Melania akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama Shadia. Tueleze ukweli wote. Mashine zetu hazijui pa kutazama mpaka mgonjwa aseme."