Saa Iliyoishia Mita Ishirini

Ijumaa ya soko pale Sake huwezi kusimama bila kukanyagwa. Mvua ilikuwa imetoka tu kuacha, tope limefika kifundo cha mguu, mama wa maharage wanagombania nafasi na watu wa makaa. Katikati ya vurugu hiyo Drocella alikaa nyuma ya meza yake ya simu, chaja na saa za mkono, kitenge cha manjano kimemkaa sawasawa, nywele amesuka jana yake, mdomo uko tayari kumjibu yeyote.

Mwanaume mrefu mwenye koti la ngozi lililopauka alisimama mbele yake, akamgeuzia sikio la kuume maana la kushoto halikuwa likisikia vizuri.

"Dada, uko na montre yenye haiogope maji?"

"Maji gani, kaka? Ya mvua ao ya kuoga?"

"Ya ziwa. Kule chini."

"Chini? Kwani weye uko samaki?"

"Niko plongeur. Injini ya pirogi ikianguka mu ziwa, miye njo naingia kuichukua."

Drocella alimtazama kutoka buti hadi kofia. "Eh! Na muke wako anakubali hiyo kazi?"

"Muke bado. Nimesema nianze na montre."

Alicheka mpaka Bibiche, rafiki yake wa meza ya jirani, akageuka kuangalia kuna nini. Saa ya namna hiyo hakuwa nayo, lakini aliahidi kumtafutia. Yule mwanaume akasema jina lake ni Sylvain, anafanya kazi Shasha, kwao ni Ntoto, kule Walikale. Akaomba namba ya simu, "kwa ajili ya montre tu." Montre gani! Jioni ile ile alipiga, na hakuitaja hata mara moja.

Walizungumza hivyo miezi mitatu, yeye akipiga akitoka majini, Drocella akijibu huku anamrudishia mteja chenji, mpaka wakaanza kuitana sheri, yaani mpenzi.

"Sheri, ukiwa kule chini, nani anajua dakika zako?"

"Papa Kabera. Anashika kamba yangu, anasali rozari. Rozari moja ikiisha, anavuta, napanda. Nikifika ku fundo la kamba nasimama, anasali mafungu mawili ingine, njo natoka."

"Unasimama ya nini? Si utoke tu?"

"Hewa ya kule chini inaingia mu damu, sheri. Ukipanda mbio, inakuvunja. Ku Walikale, mu mito ya zahabu, niliona bantu balipooza juu ya haraka."

"Kwa hiyo maisha yako iko mu vidole vya muzee? Na akisinzia?"

"Akisinzia, nitafika mbinguni na Salamu Maria."

"Usinichekeshe! Sitaki kupenda mwanaume wa kuhesabiwa na shanga."

Hakuwa anatania. Alimpenda Sylvain kwa hofu, na hofu ile ndiyo iliyomfanya amtume Bibiche alete kutoka Goma saa nyeusi yenye kioo kipana. Muuzaji alisema inajua mapigo ya moyo, hatua, na kina cha maji. Drocella alimvalisha Sylvain kwa mkono wake, Jumapili baada ya misa, ufukweni Shasha, naye Sylvain akambusu vidole mbele ya watu wote.

"Papa Kabera, angalia!" alimwita mzee aliyekuwa anakunja kamba. "Inahesabu mita, inahesabu dakika, inaniambia kama nisimame ao nipande."

Kabera aliiangalia bila kuigusa. "Bale baliitengeneza, balishaingia mu maji ya hapa?"

"Papa, ni wazungu."

"Nauliza kama balishaingia Shasha."

Watu walicheka. Drocella naye alicheka, tena kwa sauti.

Jumanne, akipanga bidhaa, alilifungua boksi tupu la ile saa akakuta karatasi imekunjwa chini kabisa. Kifaransa, herufi ndogo za kuumiza macho. Kipimo cha kina kinaishia mita ishirini. Kifaa ni cha kuogelea na kujifurahisha. Kisitumike kama kompyuta ya wapiga mbizi, wala kisitegemewe katika maziwa ya milimani. Alisoma mara tatu. Sylvain alikuwa anashuka mita thelathini na zaidi.

Akapiga simu pale pale. Ikapokewa na sauti ya mwanamke, tena inacheka.

"Alo? Sylvain iko ku maji."

"Weye nani?"

"Ah, miye njo mwenye kumushikia simu. Kila siku ananiachia. Niseme nani?"

Drocella alikata. Damu ilimpanda. Kila siku ananiachia! Sylvain alipiga mara nne mchana ule, hakupokea. Aliandika, "Sheri, shida nini?" Akamjibu, "Uliza mwenye kukushikia simu," kisha akazima.

Na ile karatasi? Usimwone mjinga, hakuisahau. Jumatano aliandika ujumbe kuhusu mita ishirini, akausoma, akaufuta. Alitaka Sylvain aje mwenyewe Sake, apige magoti, aeleze yule mwanamke ni nani, ndipo amwambie. Maneno manne tu yalitosha, jamani. Usivae ile saa ukishuka. Lakini alinuna, na alipokuwa amenuna aliona ana siku nyingi za kuyasema.

Alhamisi asubuhi injini ya pirogi kubwa ilikuwa imelala mita thelathini na nne, na mwenye pirogi anaisubiri. Sylvain alivaa mkanda wa risasi wa kumzamisha, akauma mpira wa hewa, kompresa ya kumsukumia hewa ikaanza kuguruma. Kabera alitoa rozari mfukoni.

"Papa, pumzisha shanga zako leo. Injini iko nzito, rozari moja haitoshi. Nitavuta kamba mara tatu nikimaliza."

"Na fundo?"

"Montre itaniambia."

Kabera aliirudisha rozari mfukoni. Hakupenda, lakini mwenye mwili ndiye aliyesema.

Kule chini saa ilihesabu vizuri mpaka mita ishirini, ikabaki hapo hapo. Sylvain aliona giza limezidi, baridi imezidi, akaona ishirini kwenye kioo. Alijiambia kwamba giza linadanganya. Akafunga injini kwa kamba, dakika thelathini na nane. Saa, iliyodhani mtu wake yuko mita ishirini, ilimwandikia hakuna haja ya kusimama. Alilipita fundo bila kuligusa. Alitoka majini anacheka, akakaa kwenye pirogi, akaomba chai. Chai haijapoa, miguu ikakataa.

"Mutoto wangu," Kabera alimwambia Drocella kwa simu, "kuya ku hospitali ya Kirotshe. Kuya sasa hivi."

Alipanda pikipiki na karatasi mkononi, kitenge kimelowa tope lote la njiani. Hospitalini alimkuta Sylvain amelala na hewa ya chupa puani, ule mwili mrefu umenyamaza kuanzia kiunoni. Saa iko mezani, kando ya kikombe. Mlangoni alisimama msichana ameshika bakuli la uji.

"Huyu njo Uwamwezi," Kabera alisema. "Binti yangu. Anaanika samaki badogo, sambaza, pale ufuko, bapiga mbizi bote banamuachia simu zabo."

Drocella alijua ile sauti ya simuni ilikuwa ya nani kabla msichana hajasema lolote. Alikaa chini sakafuni.

"Sheri," Sylvain alisema, "hii karatasi ni ya nini?"

Angeweza kudanganya. Akamsomea, mstari kwa mstari.

"Uliisoma siku gani?"

"Siku ya pili."

Jumanne. Sylvain alihesabu siku polepole. "Na miye nimeshuka siku ya ine."

"Nilipiga! Akajibu yeye, nikakasirika. Nisamehe, Sylvain. Nisamehe, nilifikiri..."

"Ungeliandika tu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angemtukana.

Mguu wa kuume ulirudi baada ya wiki tatu, wa kushoto ulirudi nusu. Drocella alimwoshea nguo, alimpikia, alilala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Siku ya kutoka, kaka yake Sylvain alikuja kumchukua warudi Ntoto. Sylvain alimshukuru Drocella kwa yote, akamwachia saa, na hakusema lolote juu ya kumpeleka akajulikane kwa wazazi wake kule milimani, jambo walilokuwa wamepanga kwa mavuno ya maharage.

Alipiga Jumapili moja, miezi miwili baadaye.

"Sheri? Huku rezo ya simu inapatikana ku kilima tu. Nimepanda na fimbo, rozari nzima."

"Sasa unahesabu na rozari?"

"Papa Kabera alinipa yake."

Wakacheka kidogo, kama zamani. Kisha Sylvain akasema, "Nimekusamehe, Drocella. Vraiment. Lakini ukinyamaza hivi ku simu, najiuliza kama kuna kitu ingine unaficha. Kiko?"

Kilikuwepo. Angeweza kusema hapana, na pengine leo angekuwa mke wa mtu Ntoto.

"Siku ile nilifuta message," alisema, "nilisema mu roho yangu: aache aumie kidogo, apate adabu. Kidogo tu. Sikujua, Sylvain. Lakini nilisema."

Kule kilimani upepo ulivuma kwenye simu. Drocella alisali Salamu Maria kimoyomoyo ili Sylvain asikate simu. Alifika ya tisa.

"Aksanti kwa kuniambia," Sylvain alisema. "Ubaki muzuri, sheri."

Hakupiga tena. Drocella alimlilia na bado anamlilia, na hamlaumu mtu mwingine.

Meza yake ingali pale Sake. Mteja akiuliza kama saa inaenda na maji, anatoa karatasi kwanza na kuisoma yote kwa sauti, na Bibiche humgombeza kwamba anafukuza wateja. Ile nyeusi haiuzi. Anaichaji kila Jumapili, maana ikizimika kabisa anaogopa itafuta kilichomo. Safari ya mwisho ya Sylvain bado imeandikwa pale: mita ishirini, dakika thelathini na nane, hakuna haja ya kusimama.