Mgeni Wangu Kaingia kwa Tuovi

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la jikoni, sahani ya mikate ya iliki mkononi, pale mgeni wangu alipofika getini kwangu, akasimama, akaitazama nyumba yangu...

Kisha akageuka, akavuka barabara, akaingia kwa jirani.

Si mgeni wa kubahatisha, wanangu. Ni mgeni wangu mimi. Vilja. Nimemlisha huyu tangu ni msichana wa chuo, mwembamba, anakohoa, hajui hata kuwasha jiko la kuni.

Na aliyempokea begi ni Tuovi. Tuovi niliyekaa naye dawati moja shuleni. Tuovi aliyenishika mkono kaburini kwa mume wangu.

Alimfungulia mlango, halafu akageuka kutazama upande wangu, haraka haraka, kama mtu anayehakikisha hajaonekana.

Mlango ukafungwa.

Nikaweka sahani mezani. Mikate ilikuwa bado ya moto, na shuka za kitanda cha wageni nilikuwa nimezipiga pasi asubuhi ile.

Sikulia. Nilikaa tu.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, ili mnielewe.

Kwetu Haapaniva, kijiji cha baridi huko kaskazini kando ya ziwa, kila mwezi wa saba wanamuziki wanakuja. Si wale wa kurukaruka. Hawa wanakaa wanne au watano, nusu duara, mbele ya madhabahu, kwenye makanisa yetu ya zamani ya mbao. Leo kijiji hiki, kesho kijiji cha ng'ambo ya ziwa. Wanapiga fidla na selo mpaka mtu anasahau kufukuza mbu.

Hoteli hatuna. Kwa hiyo kila nyumba ina mwanamuziki wake, na Tuovi ndiye anayepanga nani alale wapi.

Wetu alikuwa Vilja. Anapiga selo, ile inayofanana na fidla kubwa, unaishika katikati ya magoti kama mtoto anayekataa kuchanwa nywele.

Mwaka wake wa kwanza alituambia kwa aibu kwamba viti vya kanisani ni virefu mno kwake, miguu haikai vizuri chini. Mume wangu Oiva aliinuka. Aliingia karakana. Asubuhi tukakuta kiti kwenye chumba cha kuvulia nguo pale sauna, kibanda chetu cha kuoga kwa mvuke, ambako Vilja hufanyia mazoezi. Hakina mikono, na miguu yake imekatwa kwa kimo cha yule binti. Oiva mwenyewe alikuwa ameshatokomea msituni asije akashukuriwa.

Ndivyo alivyokuwa.

Kila Vilja akipiga, Oiva anakaa nje kwenye ngazi za sauna, anachonga mpini wa shoka. Nyumba yetu ilikuwa na mipini mingi kuliko mashoka ya kijiji kizima.

Nikamwambia siku moja, "Mzee, sema tu kwamba unapenda muziki."

"Nachonga mpini," akanijibu.

Oiva wangu alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha.

Siku ya mazishi tulitoka wote. Nikauegemeza ufagio kwenye mlango wa mbele, kama tunavyofanya sisi watu wa kule tukitoka nyumbani, nikapanda gari la mwanangu Jouko. Tuliporudi, Jouko alisimamisha gari uani, nyuma ya nyumba, tukaingia kwa mlango wa jikoni.

Na tangu siku hiyo nikawa mtu wa mlango wa jikoni; njia ya uani inapita ubavuni, mbele ya nyumba sikupita tena.

Mlango wa mbele sikuufungua tena. Barazani pale, ndani tu ya mlango huo, kuna buti za Oiva, na kofia yake imening'inia kwenye msumari. Nilijiambia nitavitoa wiki ijayo... wiki ijayo... mpaka theluji ikayeyuka.

Wanangu, kuna upweke mnaousoma kwenye vitabu, na kuna ule wa kupima kahawa.

Asubuhi mkono wangu ulikuwa unapima kahawa ya watu wawili wenyewe tu. Nakunywa yangu, nyingine namwaga. Sikuweza kuufundisha mkono.

Hakuna aliyegonga mlango. Wiki ya kwanza nikasema wananiachia nipumzike. Mwezi wa tatu nikasema barabara mbaya. Mwezi wa tano, barabara kavu na ndege wamerudi, nikaishiwa na la kusema. Jioni nilikuwa naijibu redio. Ikisema kesho mvua, nami nasema, haya, asante.

Isije ikaonekana nasema uongo, mtu mmoja alikuja. Kila theluji ikianguka, trekta iliingia uani, ikasafisha njia yangu, ikaondoka. Dereva hashuki, na kofia imemfunika uso. Nikimpungia mkono kutoka dirishani, naye ananipungia. Nilidhani ametumwa na halmashauri.

Na Tuovi? Tulikutana dukani, mbele ya friji la maziwa. Akasema ardhi ni kavu mwaka huu. Nikasema ni kavu kweli. Akanitazama kama anataka kuongeza kitu, kisha akachukua maziwa yake akaenda. Kwetu ukiona hivyo ujue kuna jambo zito. Mimi nikajua ameshanichoka. Mjane ni mzigo, nikajiambia, na mimi nimekuwa mzigo.

Mtaniuliza, simu je? Mtu wa ng'ambo ya barabara huwezi kumpigia simu kule kwetu. Akiona namba yako atajua nyumba inaungua.

Ni Jouko aliyenipigia, kutoka mjini. Alikuwa amepata watu wa kusini wanaotaka nyumba ya kando ya ziwa, na kwangu mimi ameona nyumba ndogo kwenye ghorofa, karibu naye, ina lifti.

"Mama, unakaa pale unamsubiri nani?"

Mtoto hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali nililala nalo.

Nikamwambia asubiri mwezi wa saba. Vilja akija, nikawa bado nina wa kumpikia, nabaki. Asipokuja, awaambie hao watu wake waje Jumapili baada ya tamasha, nitawaonyesha nyumba na nitakubali.

Sasa mmeelewa kwa nini ile sahani ilikuwa nzito mkononi?

Alhamisi ile ile aliyoingia kwa Tuovi, jioni nilimpigia Jouko. Nikamwambia waje.

Ijumaa nikaanza kufunga vikombe kwenye magazeti. Kutoka ng'ambo ya barabara nilisikia selo ikipigwa sebuleni kwa Tuovi. Inapigwa, inakatika. Inapigwa, inakatika. Nikafunga dirisha, na ilikuwa joto.

Jumamosi asubuhi, siku ya onyesho la mwisho kanisani kwetu, nilikwenda sauna kuchukua ndoo. Nikakuta mlango uko wazi.

Ndani kuna mtu ameinama!

Nikashika kata ya maji, silaha pekee iliyokuwa karibu.

"Nani wewe?"

Akageuka. Ni Vilja. Amekumbatia kile kiti cha Oiva kifuani, viatu vimelowa. Alikuwa amepita kando ya ziwa, kwenye matete, kama mwizi wa mbuzi.

"Bibi Saimi..." Uso wote umemwiva. "Nisamehe. Viti vya kanisani vinanishinda, siwezi kupiga. Nilitaka nikichukue kimya kimya nisikusumbue. Jioni ningekirudisha."

"Kunisumbua?" Bado nimeishika kata. "Umepita getini kwangu ukaenda kulala kwa mwingine, leo unaogopa kunisumbua?"

Akakiweka kiti chini polepole.

"Nilitaka kuja kwako. Nilimwambia Tuovi nakwenda kwa Bibi Saimi. Akaniambia angalia mlango wake kwanza. Nikaangalia."

"Mlango wangu una nini?"

Alinitazama yule binti kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenye kutembea usingizini.

"Bibi... ufagio."

Wanangu.

Nyinyi mlioko mbali hamwezi kujua, lakini mtoto wa kwetu anaijua hiyo kabla ya kujua kusoma. Ufagio ukiegemea mlango, hugongi. Mwenye nyumba hayupo. Na kama moshi unatoka na ufagio upo, basi yupo, ila hataki watu. Hugongi, huiti, hupigi chabo dirishani. Unarudi ulikotoka. Adabu yetu yote iko kwenye ufagio ule.

Wangu ulikuwa pale tangu siku ya mazishi.

Majira ya baridi yote. Machipuko yote. Mimi nimekaa jikoni nalalamika kwamba hakuna anayekuja, na mlango wangu unawaambia wote, rudini.

Nilikaa kwenye kile kiti cha Oiva. Vilja akachuchumaa, akaweka mkono wake juu ya goti langu. Nitaukumbuka ule mkono.

Kisha akanieleza aliyoyasikia kwa Tuovi. Kwamba wiki ya kwanza watu walikuja mmoja mmoja na vyungu vyao, wakauona ufagio, wakarudi. Kwamba Tuovi aliacha mkate kwenye ngazi za mbele, umefunikwa kitambaa. Baada ya siku kadhaa akaukuta palepale chini ya theluji, ndege wameudonoa. Akaubeba, akarudi nao kwake analia, akasema Saimi hataki hata mkate wangu. Na yule wa trekta hakutumwa na mtu. Ni mume wa Tuovi. Tuovi alimkataza kushuka.

"Anasema walikuwa wanakuheshimu," Vilja akamaliza.

Nikainuka. Nikapita jikoni, nikaingia barazani. Buti zilikuwepo. Kofia ilikuwepo. Nikazipita, nikaukamata ule mlango uliovimba kwa unyevu, Vilja akausukuma kwa bega lake, ukafunguka kwa kishindo.

Ufagio ukaanguka chini kwenye ngazi.

Tuovi alikuwa bustanini kwake, anachimba viazi vya mwanzo. Alisikia. Akainua kichwa. Aliutazama ufagio ulivyolala, akanitazama mimi mlangoni, akatupa jembe.

Huyu mwanamke ana goti bovu. Alivuka barabara anakimbia.

Alipofika chini ya ngazi alisimama, anahema, udongo mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Kumbe ulisahau," akasema.

"Nilisahau."

"Mjinga wewe."

"Na wewe je? Unaona moshi kila siku, usinigongee?"

"Ningegongaje, na ufagio upo?"

Tukakaa kwenye ngazi, vibibi viwili, tukalia mpaka Vilja akaenda mwenyewe kuweka kahawa. Alipouliza apime ya watu wangapi, nilimnyooshea vidole vitatu.

Jioni kanisani Vilja alikaa kwenye kiti cha Oiva. Muziki wenyewe siwezi kuusimulia, sina elimu hiyo. Najua tu kwamba ulipofika mahali pa polepole, mkono wa Tuovi ulikuwa juu ya wangu, bado una udongo kwenye kucha, na mume wake upande wa pili alikuwa anasinzia huku ameniegemea. Benchi lilijaa. Na Vilja, alipomaliza, hakuinama kwa watu kwanza. Alikishika kile kiti mgongoni, kidogo tu, kama unavyomshika mtu begani.

Mnadhani yameishia hapo? Bado Jumapili.

Wale wanunuzi! Katika yote yale nilikuwa nimesahau kumwambia Jouko awazuie.

Tulikuwa mezani, mimi na Tuovi na Vilja, tunakula viazi na samaki wa chumvi, tukasikia gari. Tuovi akachungulia. Akaruka na goti lake bovu, akaenda barazani, akauegemeza ufagio kwenye mlango kwa nje, akazungukia mlango wa jikoni, akarudi anacheka.

"Tulieni. Hakuna atakayegonga."

Tukatulia. Tukasikia viatu kwenye ngazi. Tukasikia kimya kidogo. Kisha tukasikia mtu anausogeza ufagio pembeni, taratibu, vizuri...

Na akagonga.

Tukatazamana. Tuovi mdomo wazi.

"Hawana adabu kabisa," akanong'ona.

Lakini mimi, wanangu, nilifurahi kusikia mlango ukigongwa. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nimeisubiri sauti ile. Walioniletea ni watu wa kusini, wasiojua ufagio ni nini.

Nikaenda kufungua. Ni vijana, mume na mke, mke ana mimba. Nikawaambia nyumba haiuzwi, wanisamehe kwa safari. Halafu nikawaambia waingie, kuna viazi. Waliingia. Walikaa mpaka alasiri, na yule binti mjamzito alivaa soksi za Oiva kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba.

Buti zimebaki barazani. Kofia pia. Siku hizi napita pale kila siku, nazisalimia.

Ninachowaambia ni hiki tu. Marafiki zangu waliniheshimu, na heshima yao karibu inihamishe kijijini. Kama kuna mtu unayempenda na umeona mlango wake umefungwa, na bado moshi unatoka, usiseme unampa nafasi. Huenda mwenzako amesahau tu ufagio nje.

Usogeze. Gonga.