Alama Aliyoifuta Rupert

Ndugu zangu, mchana ule wa mwaka 1999 nyumbani kwa Rupert, mtaa wa Mfaranyaki, palikuwa na amani tele. Mtoto wake Leonce, wa miaka miwili, alikuwa na homa, lakini alishapimwa na dawa imepatikana. Rupert alijinyoosha kwenye kochi, ameridhika. Maelezo ya bahasha ile ya dawa yalichapwa na programu yake mwenyewe!

Yeye ndiye aliyekuwa fundi kompyuta wa zahanati binafsi iliyofunguliwa karibuni mjini. Juma lile aliihamisha programu kutoka kompyuta kuukuu ya DOS kwenda mpya ya Windows. Asubuhi ya siku ile, huko kwenye mpya, baadhi ya mistari ya maelezo ya dawa ikatoa alama ya ajabu: «. Jumanne, fundi mwenzake, alimwambia, "Kaka, muulize nesi kwanza hapo paliandikwa nini."

Rupert akacheka. Aulize, yeye? Akaiita takataka, akaiamuru programu izifute zote, akaenda zake kunywa chai. Jamani, ujuaji ni maradhi yasiyoonekana kwa darubini.

"Baba Leonce," mkewe Benigna aliita, kijiko cha dawa iliyosagwa mkononi, "nesi Walburga alisema nusu. Bahasha haisemi nusu. Nimesaga kizima, lakini roho yangu inakataa."

"Nesi huchoka, kompyuta haichoki. Fuata bahasha."

"Hebu isome mwenyewe."

Akaipokea kwa kuudhika. *Kunywa kidonge   asubuhi na jioni.* Baada ya neno kidonge palikuwa na pengo. Rupert akaikumbuka ile alama ya ajabu. Takataka aliyoifuta ilikuwa nusu ya kidonge!

"Mwaga! Mwaga hiyo dawa!"

Alikimbia mpaka zahanati, shati limelowa. Walburga akapekua daftari: tangu asubuhi watoto tisa walikuwa wameandikiwa nusu. Wanane, pamoja na Leonce, walikuwa wa hapohapo mjini. Wale saba wengine wakafuatwa kwa baiskeli, na kwa bahati mama zao walikuwa wameshika maneno ya nesi. Wa tisa alikuwa wa mama aitwaye Mwamvua, na Mwamvua alishakwenda stendi kurudi kwao Nakapanya.

Rupert alilikuta basi linaunguruma. Akagonga dirisha kwa ngumi.

"Mama, samahani, umeshampa mtoto dawa?"

"Bado. Nitampa tukifika, inshallah. Kwani ina nini?"

Rupert alikaa chini kwenye vumbi akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Alipokwisha kumweleza, Mwamvua alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka kondakta naye akaitikia.

Jioni Jumanne hakumsimanga. Alimfungulia orodha mbili za herufi.

"Ona, kaka. Kompyuta huweka namba tu. Kwenye ile ya zamani 171 ni nusu, kwenye hii ni hivi vishale. Namba haikuharibika, imesomwa kwa orodha nyingine."

Wakarudisha faili za awali, wakaiandika programu upya igeuze kila namba badala ya kuifuta. Walburga akakagua bahasha moja moja kabla haijatoka. Kesho yake Leonce aliamka anadai uji, na Benigna akacheka mpaka machozi.

Funzo

Usifute usichokielewa kwa sababu tu kinakuchafulia macho. Hamisha kazi yako, lakini linganisha ya kale na mpya, na umuulize anayeitumia. Kuuliza kungemgharimu Rupert dakika tano na fahari kidogo. Watoto wanane walipona kwa sababu mama zao walikuwa wasikivu kuliko yeye, na wa tisa kwa sababu basi lilikuwa halijaondoka.