Mfuniko wa Ndoo

Ndoo ilimponyoka mkulima wa uyoga katikati ya ukumbi wa abiria wa uwanja wa ndege, ikabiringika hadi kwenye viatu vyeupe vya muuza kahawa. Machicha meusi ya kahawa yakamrukia mpaka kwenye aproni.

"Samahani, dada."

"Dada yako nani? Nimekukusanyia machicha asubuhi nzima, unanirudishia miguuni!"

"Si ndiyo kazi yetu? Hakitupwi kitu."

Muuza kahawa akacheka bila kutaka.

Tangu siku hiyo alimjazia ndoo kwa mkono wake. Mkulima aliotesha uyoga kwenye machicha hayo ya kahawa, na jiko la uwanja wa ndege likaupika uyoga huohuo. Ndoo zilioshwa na mama yake mkulima. Zilirudi zikinukia sabuni, na muuza kahawa alizinusa kwanza, kama mtu anayenusa shati la mpenzi wake.

"Umekula, kipenzi?" mkulima alimuuliza kwa simu kila mchana.

"Nimekula uyoga wako. Wenyewe umeiva, wewe mwenyewe ndiwe bado mbichi. Miezi minne hujasema la maana!"

Mkulima alicheka tu.

Kisha kazini wakampa muuza kahawa uhamisho wa mwaka mzima, uwanja wa mbali. Mdomo ukamwia mzito. Akaandika kwa wino ndani ya mfuniko wa ndoo: *Wananihamisha. Ukisema nibaki, nabaki. Nijibu kabla ya Ijumaa.*

Ndoo ikarudi na mfuniko mweupe pe.

Hakujua kwamba kule bandani kwa mkulima mifuniko huchanganywa. Wake ulikuwa umefunika ndoo ya mbegu za uyoga, ambayo haifunguliwi kwa wiki mbili. Ijumaa akatia saini. Simu za mkulima hakupokea tena. Ndoo alimwachia mlango wa nyuma.

Wiki mbili zilipotimia, mkulima akainua mfuniko.

"Mama!"

"Nini, umeumwa na nyoka?"

"Afadhali nyoka."

Kwenye kaunta ya kahawa aliambiwa ndiyo kwanza ameenda kupanda ndege. Kitambulisho cha kubebea ndoo kilimfikisha mpaka mlango wa kupandia ndege, na shati lake la matope. Muuza kahawa alikuwa ndani ya gauni la buluu, begi begani, akirudisha kikombe chake kwenye kreti ya vikombe vya kuoshwa.

"Nimeusoma leo," mkulima alisema, akimwonyesha mfuniko.

Muuza kahawa alitazama wino. Alitazama matope.

"Nilidhani umefuta."

"Ningefutaje? Baki."

"Nafasi yangu ina mtu. Nimeshasaini mwaka."

"Basi niambie nisubiri."

"Subiri."

Akautwaa mfuniko, akaukumbatia, gauni likaingia doa.

"Naondoka nao."

"Nami nitafunika na nini?"

"Funika na chochote. Huu hauoshwi."

Jina lake likaitwa mara ya mwisho, akaingia. Mkulima akachukua ndoo ya siku hiyo, iliyojazwa na mtu mwingine, akaiweka wazi kwenye kiti cha pembeni cha gari lake. Harufu ya kahawa ikalijaza gari. Jua lilikuwa kali, lakini njia nzima hakufungua dirisha.